Ramani Isiyofunga: Namna ya Kupima Nyumba ya Udongo Tabora na Kuiandikia Ripoti

Kila msimu wa mafunzo kwa vitendo kosa ni lile lile. Mwanafunzi wa usanifu majengo anarudi na daftari limejaa namba, anaketi kuchora, na ukuta wa mwisho unagoma kukutana na wa kwanza. Pengo ni milimita 80, wakati mwingine 200. Anavuta mstari kidogo hapa, anapunguza pale, mpaka ramani inakaa vizuri machoni. Kisha anaandika ripoti ya kurasa 30 juu ya nyumba ambayo haipo popote duniani.

Mwongozo huu unahusu nyumba za tofali mbichi na za udongo zilizojaa Ng'ambo, Isevya, Kwihara na vijiji vinavyouzunguka mji wa Tabora. Tumezichagua kwa sababu hazisamehe: kuta zake hazijanyooka, kona zake si za mraba, na sakafu ina mwinuko wake. Anayeweza kuipima nyumba kama hiyo ataipima yoyote.

Tunaomba ushike jambo moja tu tangu mwanzo: kila namba iwe na shahidi. Namba ya tepu iwe na namba nyingine ya kuikagua, na sentensi ya ripoti iwe na mchoro, picha au mtu wa kuisimamia.

## Vifaa

Andaa hivi kabla ya kuondoka nyumbani. Kurudi mjini kutafuta uzi kunakula nusu siku.

- Tepu ndefu ya mita 30 na tepu ya chuma ya mita 5. Zote mbili, wala moja haitoshi.
- Mpira mwembamba wa maji unaopitisha mwanga, mita 12 hadi 15. Wa duka la vifaa vya ujenzi unafaa kabisa.
- Timazi, pimamaji fupi, uzi wa waashi mita 50, misumari na chaki.
- Ubao wa A3 wenye vibanio, karatasi nyeupe zisizopungua 20, penseli ya H, ya HB, na kalamu za rangi mbili.
- Fito iliyonyooka ya mita 1, uliyoipaka nyeusi na nyeupe kila milimita 100, kwa ajili ya picha.
- Tochi, bisibisi nyembamba, chupa mbili za plastiki zenye mdomo mpana, chumvi kidogo.
- Simu au kamera, na betri ya akiba.

Kipimio cha leza kinasaidia ndani ya vyumba na kufikia paa. Nje, jua la Tabora likishawaka, nukta nyekundu haionekani. Juu ya ukuta wa udongo wenye mashimo namba nayo inarukaruka, hivyo shikiza kipande cha kadi ngumu ukutani ndipo upige. Hakikisha pia leza inahesabu kuanzia kitako chake na si kichwani, maana kosa hilo huiba urefu wote wa kifaa katika kila kipimo.

Nenda na mwenzako. Mtu mmoja peke yake anaweza kupima, ila hawezi kupima na kuandika kwa usahihi kwa wakati mmoja.

## Hatua ya 1: Ruhusa, na nusu siku bila tepu

Barua ya utambulisho ya chuo inaanzia ofisi ya mtendaji wa kata, inapita kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji, ndipo inafika kwa mwenye nyumba. Ukiruka ngazi moja, kazi inaweza kusimamishwa siku ya pili wakati vyumba viwili bado. Kama jengo ni la kumbukumbu ya kihistoria, mfano tembe (nyumba ya udongo ya jadi) la Kwihara lililo makumbusho, ruhusa ya kupima iombwe kwa mamlaka inayolisimamia, na mapema.

Kwa mwenye nyumba, salamu kwanza. Shikamoo inatosha, ukiongeza "mwangaluka" ya asubuhi kwa wazee wa Kinyamwezi utakaribishwa kiti. Eleza unachofanya, vyumba utakavyoingia, na kwamba jina lake halitaandikwa. Chumba cha kulala ukiambiwa hapana, ni hapana: utakipima kwa nje na utaandika wazi kwenye mchoro kwamba vipimo vya ndani ni vya kukokotoa.

Kisha zunguka nyumba mara tatu bila kupima. Hesabu milango, madirisha, nguzo. Tazama ukuta upi uliongezwa baadaye: tofali za ukubwa mwingine, mstari wa ufa ulionyooka kutoka msingi hadi paa, lipu ya rangi tofauti.

Dalili ya kufaulu: unaweza kufumba macho na kutaja vyumba kwa mpangilio, na mwenye nyumba ameshaacha kukufuata kila unapokwenda.

## Hatua ya 2: Mchoro wa mkono

Chora sakafu nzima kwa penseli ya HB kwenye karatasi moja ya A3, bila skeli ila kwa uwiano unaofaa macho. Ukubwa ni muhimu. Chumba kikichorwa kidogo kuliko kiganja, namba zitabanana na hutazisoma usiku.

Vipe vyumba namba (1, 2, 3), na kila kona herufi. Kuta zichorwe kwa mistari miwili, si mmoja. Chumba chenye mambo mengi kichoree karatasi yake.

Kosa la kawaida hapa ni kuchora mstatili kwa mazoea. Ukuta ukionekana umepinda, uchore umepinda, tena kwa kutia chumvi, ili usisahau.

## Hatua ya 3: Mstari wa levo

Sakafu ya udongo haiko sawa, na ukuta wa udongo mara nyingi ni mnene chini kuliko juu. Ukipima chumba kimoja usawa wa goti na kingine usawa wa kifua, umepima nyumba mbili. Ndiyo maana vipimo vyote vya mlalo vinachukuliwa kwenye mstari mmoja wa levo unaozunguka nyumba yote, mita 1 juu ya kizingiti cha mlango mkuu.

Jaza mpira maji taratibu kutoka kwenye ndoo iliyoinuliwa, ukivuta hewa yote itoke. Povu moja katikati linatosha kuharibu kazi. Shikeni ncha mbili pamoja: maji lazima yakae usawa mmoja. Mmoja abaki kwenye alama ya kwanza, mwingine aende kona inayofuata, na wote waachie vidole kwenye ncha ndipo wasome. Ukiziba ncha moja kwa dole gumba maji hayasogei, nawe utaamini uongo.

Weka alama ndogo za chaki kila kona na kila upande wa mlango. Usitumie kalamu ya wino. Ni nyumba ya mtu.

Dalili ya kufaulu: mmezunguka nyumba yote na kurudi kwenye alama ya kwanza, na tofauti haizidi milimita 5. Ikizidi, kuna hewa kwenye mpira au mtu alisogeza alama. Rudieni.

## Hatua ya 4: Vipimo vya mfululizo

Usipime kipande kwa kipande: ukuta hadi mlango, kisha mlango, kisha mlango hadi dirisha. Kila unapoinua tepu na kuiweka upya unaongeza kosa la milimita 3 au 5, na makosa hayo yanajumlishana. Tandaza tepu mara moja kutoka kona hadi kona, isiinuliwe, na usome kila kitu kikiwa hapohapo: mwanzo wa mlango 840 (namba zisizo na kipimo humu ni milimita), mwisho wa mlango 1,655, mwanzo wa dirisha 2,310, mwisho wa dirisha 2,910, kona 3,620.

Kabla ya namba ya kwanza kagua mambo matatu. Sifuri ya tepu ndefu iko wapi? Tepu nyingine zinaanza kuhesabu mwanzo wa pete, nyingine baada ya pete. Je, unasoma upande wa mita au wa futi? Na kile kindoano cha tepu ya chuma kinachochezacheza hakijaharibika: kimetengenezwa kisogee kwa unene wake, ili kusukuma na kuvuta kutoe jibu moja. Usikipige gundi.

Tepu ndefu ikining'inia katikati inasoma zaidi ya ukweli. Ivute ikakamae, au ilaze sakafuni na kupandisha kwa timazi.

Mpimaji aseme namba kwa sauti, mwandishi airudie akiiandika. "Elfu mbili mia tatu na kumi." "Elfu mbili mia tatu na kumi." Inachosha, lakini kwenye kelele za watoto na redio, 2,310 na 2,130 ni ndugu.

## Hatua ya 5: Mishazari, mahali ramani inapofia

Kama utasoma sehemu moja tu ya mwongozo huu, soma hii.

Pande nne za chumba hazitoshi kukichora. Chukua vijiti vinne, vifunge kwenye ncha kwa uzi, uvisukume: pande hazibadiliki urefu, lakini umbo linalala kushoto au kulia. Chumba kwenye karatasi kiko vivyo hivyo. Kinachokizuia kisilale ni mstari wa mshazari, kutoka kona hadi kona ya mkabala, kwa sababu pembetatu yenye pande tatu zinazojulikana ina umbo moja tu.

Pima mishazari yote miwili. Wa kwanza unafunga umbo, wa pili ni shahidi.

Chukua chumba cha 3,620 kwa 2,950, pande zinazokabiliana zikiwa sawa. Kingekuwa cha mraba kamili kwenye kona, kila mshazari ungekuwa 4,670. Umepima ukapata 4,740 na 4,599. Mwanafunzi mwenye haraka anachukua wastani, anapata karibu na 4,670, anafurahi na kuchora mstatili. Kumbe kona ina nyuzi karibu 92, na ukuta wa mbali umehama kwa milimita 91. Vyumba vitatu vikifuatana hivyo, pengo la milimita 200 limeshazaliwa.

Kwa ukaguzi wa haraka, pale pale uwanjani na simu mkononi: pande zinazokabiliana zikiwa sawa, jumla ya mraba wa mishazari miwili ni sawa na mara mbili ya jumla ya mraba wa pande mbili. Kwa mfano wetu, kwa mita, 22.47 jumlisha 21.15 ni 43.62, na mara mbili ya (13.10 + 8.70) ni 43.60. Zinakubaliana, basi vipimo ni vizima na chumba ndicho kilichopinda. Zingetofautiana sana, kosa lingekuwa lako.

Chumba kilichojaa kabati na magunia hakitakupa mshazari mzima. Tumia pembetatu ndogo kwenye kona: kutoka kona pima 1,500 kwenye ukuta mmoja, 1,500 kwenye mwingine, kisha umbali kati ya alama hizo mbili. Ukiwa 2,121, kona ni nyuzi 90. Fanya hivyo kwenye kona mbili angalau.

Milango nayo itumie. Piga mshazari kutoka kona ya chumba 1, upitie mlangoni, hadi alama inayojulikana ndani ya chumba 2. Mstari huo mmoja unavifunga vyumba viwili pamoja kuliko unene wa ukuta unavyoweza.

Dalili ya kufaulu: kila chumba kina namba sita, pande nne na mishazari miwili, na kila chumba kimefungwa kwa jirani yake kwa mstari mmoja wa kupitia mlangoni.

## Hatua ya 6: Nje dhidi ya ndani

Unene wa ukuta upimwe kwenye milango na madirisha, tena sehemu mbili za kila tundu. Toa unene wa lipu kama unaonekana, au andika "pamoja na lipu".

Sasa jumlisha. Tuseme mstari wa levo unapita kuta nne, mbili za nje za 450 na mbili za ndani za 300, na vyumba vitatu vya 3,620, 2,410 na 3,880. Jumla ni 11,410. Nje umepima 11,480. Milimita 70 zimetoka wapi?

Kabla ya kulaumu tepu, uliza ulipima nje kwa usawa gani. Mara nyingi tepu ya nje imelazwa chini karibu na msingi, kwenye kitako kilichonenepeshwa kwa udongo ili kuzuia mvua. Pandisha tepu hadi levo na tofauti inashuka. Ikibaki zaidi ya milimita 25 kwa nyumba nzima, tafuta chumba chenye kosa. Usigawe kosa kwa vyumba vyote kama mchango wa harusi.

Kwa nini 25? Mstari wa kalamu ya milimita 0.25 kwenye skeli ya 1:50 una unene wa milimita 12.5 za nyumba halisi. Kosa la mistari miwili halionekani kwenye karatasi. Zaidi ya hapo linaonekana, na mhakiki ataliona.

## Hatua ya 7: Kwenda juu

Chagua mahali pa mkato (mchoro wa nyumba kana kwamba imekatwa wima) panapopita mlango, dirisha na kilele cha paa. Mkato unaopita katikati ya ukuta mtupu ni uvivu.

Kutoka mstari wa levo pima chini hadi sakafu na juu hadi linta (boriti iliyo juu ya mlango au dirisha), chini ya dirisha, juu ya ukuta, chini ya boriti. Andika linta imeingia ukutani kiasi gani kila upande. Milimita 100 kwenye tofali mbichi ni kidogo, na huenda ndiyo sababu ya ufa utakaoukuta hatua ya 9.

Kama hakuna dari, shusha timazi kutoka kilele hadi levo. Kama ipo, hesabu kozi (mistari ya mlalo) za tofali kwenye ukuta wa pembetatu kwa nje: pima kozi 10 kwa pamoja, tuseme 1,250, basi kila moja ni 125, na kozi 14 ni 1,750. Mteremko wa paa ni kimo ukigawa kwa nusu ya upana. Kimo 1,100 na nusu upana 3,000 ni 0.37, yaani pembe ya nyuzi 20.

Geji ya bati, yaani unene wake, usiikisie kwa macho. Kama hakuna anayeijua, andika "bati la migongo, geji haikuthibitishwa".

## Hatua ya 8: Udongo, mbao, jua

Udongo usichukuliwe ukutani. Okota kipande kilichokwisha kuanguka, au omba kwenye shimo walikofyatulia tofali. Ponda, jaza theluthi ya chupa, ongeza maji hadi karibu na mdomo na chumvi kidogo, tikisa kwa nguvu dakika mbili, weka mahali pasipoguswa. Mchanga unatua ndani ya dakika moja hivi. Tope laini linafuata kwa saa kadhaa. Mfinyanzi unataka siku nzima. Pima kila tabaka kwa milimita na uandike kama asilimia. Hicho si kipimo cha maabara, na ripoti iseme hivyo, lakini kinapita mbali neno "udongo mzuri". Uliza pia kama udongo wa kichuguu ulichanganywa. Mafundi wengi wa hapa huupenda kwa kushika kwake.

Mbao: mninga unatambulika, mingineyo muulize fundi, na uandike jina alilotaja. Choma bisibisi kwenye miguu ya fremu na ncha za boriti. Ikizama kama kwenye mkate, mchwa wamekutangulia. Fuata vijia vyao vya udongo ukutani uone wanapanda kutoka wapi.

Kaskazini usiipate kwa simu ukiwa chini ya bati, kwa kuwa chuma kinavuta dira. Simika fito wima uwanjani saa 4 asubuhi, chora duara kwa uzi lenye nusu kipenyo sawa na urefu wa kivuli, tia alama. Kivuli kitafupika, kisha kitarefuka tena. Ncha yake ikigusa duara alasiri, tia alama ya pili. Mstari unaounganisha alama hizo ni mashariki na magharibi. Usishangae kivuli kikianza kurefuka baada ya saa 6 mchana kamili: saa zetu zinafuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, Tabora iko karibu na nyuzi 33, hivyo jua hufika juu kabisa kama dakika 50 baadaye kwa wastani.

Hapa pia ndipo wengi hunakili vitabu vya Ulaya na kuandika kwamba jua la mchana liko kusini. Tabora iko nyuzi 5 kusini ya ikweta. Mwezi wa 6 jua la mchana liko upande wa kaskazini, kimo cha nyuzi kama 61.6, mwezi wa 12 liko kusini, kama 71.6, mwanzoni mwa mwezi wa 3 na wa 10 linapita utosini. Paa lililotokeza milimita 600 hufunika kwa kivuli cha mchana karibu 1,110 za ukuta wa kaskazini mwezi wa 6, na karibu 1,800 za ukuta wa kusini mwezi wa 12. Upande wa mashariki na magharibi, jua likiwa chini, paa hilo halisaidii kitu. Hesabu hizi mbili zikiwekwa kwenye mchoro wa mkato zina thamani kuliko ukurasa mzima wa maelezo juu ya hali ya hewa.

## Hatua ya 9: Nyufa na maji

Kila ufa uwe na mambo manne: mahali, mwelekeo, upana, na kama ni mpya. Upana pima kwa rula mahali palipo papana zaidi. Upya unauona ndani: ufa wa zamani una vumbi na utando wa buibui, mpya una kingo kali na rangi safi.

Ufa wa mshazari kutoka kona ya dirisha, kagua linta na msingi wa upande huo. Wima katikati ya ukuta mrefu, fikiria kukauka na kusinyaa. Mlalo karibu na paa, tazama boriti zinasukuma nini, au upepo unanyanyua nini. Andika "huenda", kwa sababu hujachimba msingi.

Kitako cha ukuta kilicholiwa hadi kimo cha milimita 300 hivi kwa kawaida ni matone ya mvua yanayoruka kutoka ardhini. Pima kina cha mliko na umbali kutoka ukutani hadi mstari wa matone ya paa, kisha ziweke namba hizo mbili pamoja.

Lipu ya saruji juu ya udongo igongwe kwa kifundo cha kidole. Ikitoa sauti ya debe tupu, imeachana na ukuta. Saruji ni ngumu kuliko udongo na haipitishi unyevu vizuri, hivyo maji yakiingia kwa nyuma hayana pa kutokea, na udongo unalainika ukiwa umevaa koti zuri. Mwanafunzi asiyegonga ataandika "ukuta uko katika hali nzuri".

Picha: simama mkabala na ukuta, si kwa pembeni, fito ya mita 1 ikiwa imesimama ndani ya picha. Upande wa mashariki piga mchana jua likishapita, au siku ya mawingu. Mwanga unaoulalia ukuta kwa pembeni unaonyesha nyufa vizuri ila vivuli vyake vinaficha maungo.

## Hatua ya 10: Chora usiku ule ule

Namba zikilala siku tatu zinakuwa za mtu mwingine. Chora kabla ya kulala, ukiwa bado unaweza kurudi kesho.

Kwenye programu ya kuchorea kama AutoCAD au ArchiCAD weka kipimo kuwa milimita, na usianze na mstatili. Chora upande mmoja wa chumba. Kwenye ncha ya kwanza piga duara lenye nusu kipenyo cha upande wa pili. Kwenye ncha nyingine duara la mshazari. Yanapokatana ndipo ilipo kona. Endelea hivyo, kisha pima mshazari wa pili kwenye skrini ulinganishe na daftari. Kwa mkono, bikari inafanya kazi ile ile.

Unene wa mistari: ukuta uliokatwa 0.5, kingo zinazoonekana 0.25, vipimo 0.18. Usivifute vipimo vya uwanjani. Vipige picha na kuviambatanisha, ndivyo ushahidi.

## Hatua ya 11: Kuandika ripoti

Ripoti nyingi zinaanguka kwa sababu zinaanza na sifa. Linganisha sentensi hizi:

*"Nyumba ina uingizaji mzuri wa hewa na imejengwa kwa nyenzo za asili."*

*"Chumba 2 kina eneo la mita za mraba 10.7 na dirisha moja la 600 kwa 900 upande wa mashariki, sawa na asilimia 5 ya sakafu. Hakuna tundu jingine la hewa (Mchoro 3, Picha 14)."*

Ya pili inaweza kukaguliwa, na inaweza kukosolewa. Msomaji anayejua kwamba kiwango kinachotumika sana ni asilimia 10 ya sakafu ameshaona tatizo kabla hujalitaja.

Jenga kila aya kwa mpangilio huu: kilichoonekana, mahali kilipo kwenye mchoro, kisha maana yake. Maana ikitangulia, jicho linaanza kutafuta cha kuithibitisha na kuacha kinachoipinga. Aya isiyo na rejea ya mchoro, picha au mtu, ifute uone kama ripoti imepungukiwa. Mara nyingi haipungukiwi.

Tenganisha aina tatu za madai. Ulichopima: "ukuta una 450". Ulichoambiwa: "kwa mujibu wa mwenye nyumba, chumba 3 kiliongezwa". Unachokisia: "huenda msingi umetitia". Vitenzi visichanganywe.

Umri wa nyumba. Usiulize mwaka, wengi watakupa wowote ili wakuridhishe. Uliza kwa matukio: kabla au baada ya uhuru wa 1961, Azimio la Arusha la 1967, vita ya Kagera ya 1978 na 1979. Uliza watu wawili, kila mmoja peke yake. Wakitofautiana, andika majibu yote mawili.

Lugha. Ripoti ya chuo utaiandika kwa Kiingereza, lakini daftari la uwanjani liwe la Kiswahili, kwa maneno ya fundi mwenyewe: papi, kenchi, linta, kozi. Ukitafsiri papo hapo utapoteza tofauti anazozijua yeye. Baadaye tengeneza jedwali la istilahi mwishoni, neno la fundi kushoto na maelezo kulia. Neno lisilo na mwenzake liache lilivyo, "tembe" libaki tembe.

Maelezo chini ya picha yaseme upande, kitu na sababu ya picha kuwepo: "Picha 9. Ukuta wa kusini, kitako: mliko wa kina cha milimita 60." Siyo "Muonekano wa nyumba".

Maneno ya wengine. Fundi aliyekueleza namna ya kukandika anastahili kutajwa kama chanzo, kwa kazi yake na tarehe ya mazungumzo, sawa na mwandishi wa kitabu. Jina lake usiliweke bila ruhusa. "Fundi mwashi, Isevya" linatosha. Nyumba iite Nyumba A.

Mwongozo wa urefu: mbinu na vifaa ukurasa 1, pamoja na kukiri wapi hukuweza kupima, maelezo ya jengo kurasa 4 hadi 6, hali na uharibifu 4, mjadala 3. Utangulizi andika mwisho, nusu ukurasa. Historia ya Tabora haihitajiki isipokuwa pale inapoeleza ukuta fulani.

## Hatua ya 12: Nakala kwa mwenye nyumba

Kabla ya kukabidhi chuoni, chapa ramani kwenye A3 moja, bila maelezo ya uharibifu, umpelekee mwenye nyumba. Mwekee mezani, mwoneshe mlango mkuu uko wapi, kisha nyamaza. Watu hawajui kusoma skeli lakini wanajua nyumba yao: atapitisha kidole chumba kwa chumba, na hatakosa kuuliza lile dirisha dogo la jikoni lililozibwa limekwenda wapi. Lipime, lichore, badilisha tarehe kwenye kona ya karatasi.

Futa na alama za chaki ukutani kabla ya kuaga.